Tango la Lanet Huchaguliwa Usiku

Ingia agroveti yoyote hapa Nakuru, kuanzia Free Area hadi Lanet, uulize mbegu za matango. Utatandaziwa pakiti nne au tano juu ya kaunta, na kila moja ina picha ya tango la kijani lililonyooka, lina matone ya maji mgongoni kana kwamba limetoka kuoga sasa hivi. Ukichagua kwa kuangalia picha utaondoka na ile inayong'aa zaidi. Ukichagua kwa bei utaondoka na ile ya chini kabisa. Kwa vyovyote vile hujaambiwa jambo la maana, kwa sababu picha inaonyesha tunda, na wewe unanunua mmea utakaokaa nao miezi mitatu nyuma ya jikoni.

Nilifundisha somo la kilimo katika shule za sekondari mpaka nikastaafu, na siku hizi nauza miche langoni kwangu hapa Lanet: sukuma wiki, nyanya, pilipili hoho, vitunguu na matango. Watu wangali wananiita Mwalimu. Anayekuja kutafuta miche ya matango huuliza, "Mwalimu, ni gani inafanya vizuri?" Nami humwuliza: kwako usiku kuna baridi kiasi gani? Wapo wanaocheka. Mmoja aliniambia amekuja kununua miche, si blanketi.

Lakini hilo ndilo swali la kwanza kwa mtu wa huku. Lanet iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mstari wa Ikweta unapita kaskazini kidogo tu ya Nakuru, kwa hiyo jua letu la mchana ni kali na mgeni hudhani tuko nchi ya joto. Angoje saa tatu usiku. Mchana kipimajoto kinaweza kusoma nyuzi 26, na alfajiri ya siku hiyo hiyo kikawa kimesoma 10 au chini yake, hasa kati ya Juni na Agosti. Tango asili yake ni chini ya milima ya Himalaya, upande wa India, mahali penye joto na unyevu. Mbegu yake hupenda udongo wa nyuzi 25 kwenda juu. Udongo ukishuka chini ya 16 hivi, mbegu hulala tu humo ndani, na mara nyingi huoza kabla ya kuamka. Mmea uliokwisha kuota nao husimama usiku ukiwa wa baridi; hauongezi jani, hauongezi urefu, unasubiri kupambazuke.

Ndiyo maana zile siku 50 au 55 zilizoandikwa kwenye pakiti, kutoka kupanda hadi kuchuma, zisikutie haraka. Siku hizo zilihesabiwa mahali pengine. Mtu wa Marigat, chini kule Baringo, anaweza kuzifikia bila taabu kwa sababu yeye yuko kama mita 1,000 na kidogo na usiku wake ni wa joto. Mtu wa Dundori, juu yetu, asijaribu nje kabisa bila kifuniko. Sisi wa Lanet tuko katikati. Tango litazaa, ila wiki mbili au tatu zaidi uziweke kwenye hesabu yako, na zaidi ya hizo ukipanda wakati wa baridi.

Kuna jambo la pili linaloletwa na usiku wetu, nalo ndilo linaloua matango mengi kuliko baridi yenyewe. Ni umande. Jani likikaa limelowa tangu saa nane za usiku mpaka saa tatu asubuhi, ugonjwa wa ubwiri vinyoya unaingia. Utauona kama madoa ya manjano juu ya jani, yenye pembe pembe kwa sababu yamezuiwa na mishipa ya jani. Geuza jani asubuhi na mapema utakuta chini yake vumbi la kijivu au la zambarau. Wiki mbili baadaye mmea wote umekauka kama umepitiwa na moto, matunda yamebaki yananing'inia bila majani ya kuyalisha. Ubwiri unga, ule mweupe unaofanana na unga wa ngano, huja zaidi wakati wa kiangazi, nao ni mpole kidogo.

Kwa hiyo aina ya kwanza ya kutafuta Lanet ni ile yenye kinga dhidi ya ubwiri, hata kama tunda lake si la kupigwa picha. Hapa inabidi nieleze zilikotoka zile pakiti za bei nafuu ambazo kila agroveti inazo, kwa sababu historia yake ndiyo inayokwambia tabia zake.

Ashley, ambayo ndiyo kongwe na inayopatikana kwa urahisi zaidi Kenya, ilizalishwa miaka ya 1950 huko South Carolina, Marekani, pwani yenye ukungu na unyevu mwingi. Watafiti wa kule walikuwa wanahangaika na ubwiri vinyoya, na Ashley ilitokana na mahangaiko hayo. Tunda lake ni la urefu wa kiganja na vidole, limechongoka kidogo upande wa kikonyo, na ngozi yake si nyeusi sana. Sokoni wateja huikwepa kwa sababu haikunyooka vizuri. Nyumbani haijalishi, kwani kisu hakiulizi umbo. Poinsett ilitoka huko huko South Carolina miaka ya 1960. Ina rangi iliyokolea zaidi, imenyooka zaidi, na kinga yake ni bora. Ukiikuta, ichukue.

Marketmore ni habari nyingine. Hiyo ni kazi ya Henry Munger wa Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, mtu aliyetumia maisha yake kuingiza kinga za magonjwa ndani ya matango na matikiti. Toleo linalouzwa sana ni Marketmore 76. New York hakuna joto la South Carolina. Majira yake ya matango ni mafupi na usiku wake unaweza kuwa baridi. Tunda lake ni refu, jembamba, la kijani kile kile tangu kichwani hadi mkiani, halina tumbo jeupe pale linapolalia udongo. Ina kinga dhidi ya virusi vya mozeiki na ukoga wa madoa, na vilevile dhidi ya ubwiri kwa kiasi. Mimi kwa bustani ya wazi hapa Lanet naipenda hiyo kuliko zote za bei nafuu. Inachelewa kidogo kuanza, lakini ikianza hailegei upesi.

Nisiwadanganye hata hivyo. Kinga ya mmea si ukuta. Ile kinga ya Poinsett iliwalinda wakulima wa Marekani kwa karibu miaka 40, mpaka mwaka 2004 vimelea vya ubwiri vinyoya vikabadilika na kuruka juu yake, mashamba yakaangamia msimu mmoja. Aina yenye kinga inakununulia muda wa kuchuma. Bado utaufunga mmea ukapanda juu badala ya kutambaa, utauacha upepo upite kati ya mashina, na utamwagilia kwenye udongo asubuhi, si kwenye majani jioni.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo watu wengi wa ploti za hamsini kwa mia hawalijui, na ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Ni habari ya maua.

Nina jirani, mwanajeshi mstaafu, ambaye kila mtu humwita Afande hata baada ya kuvua sare. Baada ya kustaafu alijenga grinihausi ndogo nyuma ya nyumba, mbao na plastiki, akapanda Ashley ndani. Mimea ikapendeza, ikafika darini, ikajaa maua ya manjano. Akaniita.

"Mwalimu, njoo uone. Nimepanda matango au nimepanda maua ya arusi?"

"Afande, hebu fungua mlango huo," nikamwambia. "Nyuki anapitia wapi humu?"

"Nyuki? Mimi nimeweka neti nzuri kabisa kuzuia wadudu."

"Basi umemzuia na mkunga."

Ashley, Poinsett na Marketmore zote hutoa maua ya aina mbili kwenye shina moja. Ua la kiume lina kikonyo chembamba tu. Ua la kike lina kitango kidogo nyuma yake, kama urefu wa kucha, hata kabla halijafunguka. Ukilitazama mara moja huwezi kulisahau. Maua ya kiume hutangulia kwa wiki moja au zaidi, na hapo ndipo watu huanza kulalamika kwamba mmea ni tasa. Ua la kike hufunguka siku moja tu. Asubuhi hiyo lazima nyuki walitembelee mara nyingi wakiwa na chavua, la sivyo kile kitango hugeuka manjano na kudondoka, au hukua nusu tu, kimevimba upande mmoja na kuchongoka upande wa pili. Mtu akiniletea tango lililopinda namna hiyo akiniuliza ameweka mbolea gani mbaya, mimi humwuliza habari za nyuki.

Kwa bustani ya wazi hapa Lanet nyuki si shida. Bado tuna migunga, tuna maua ya uani, na tuna uwanda wa kituo cha KALRO cha utafiti wa ng'ombe wa nyama, ambako nyasi na miti haijamalizwa na ploti. Shida ni mkono wetu wenyewe. Nakuru ndiyo mji wa pareto, na dawa ya pareto ni nzuri kwa mboga kwa kuwa jua huivunja haraka. Lakini ukiipuliza saa tatu asubuhi umewaua nyuki walio kazini. Pulizia jioni, maua yakiwa yamefungwa.

Afande nilimwonyesha jinsi ya kuchavusha kwa mkono: chuma ua la kiume lililofunguka asubuhi hiyo, ng'oa petali zake, ligusishe ndani ya ua la kike taratibu. Alifanya kwa siku kadhaa akiwa amekunja uso. "Mwalimu, nilikula kiapo kulinda nchi, si kuozesha maua." Matango yalikuja lakini, na akayala.

Kwa mtu wa grinihausi kuna aina zilizotengenezwa mahususi. Mmea wa aina hizi hutoa maua ya kike karibu yote, na matunda hujaza bila chavua kabisa, hayana mbegu ngumu ndani. Yale matango marefu yaliyovikwa nailoni katika supamaketi za mjini ni ya jamii hii. Vilevile yale mafupi yenye ngozi laini yanayoitwa Beit Alpha, jina la kijiji cha wakulima huko Israeli yalikoanzia; aina zake za siku hizi nyingi huzaa bila nyuki. Mbegu hizi ni F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza, na huuzwa kwa kuhesabiwa moja moja, si kwa kupimwa gramu. Usishtuke. Familia ya watu sita inahitaji mashina manne hadi sita tu. Ukiyatunza utagawia jirani.

Lakini usizipeleke nje ukazipanda karibu na Ashley ya jirani. Nyuki hatauliza kama alialikwa. Atabeba chavua ya Ashley mpaka kwenye ua ambalo halikuihitaji, na lile tango la kifahari litavimba kitako na kujaa mbegu. Kuna kundi la tatu tena, linalochanganya hata wauzaji: chotara zenye maua mengi ya kike lakini ambazo bado zinataka chavua. Kampuni huchanganya ndani ya pakiti mbegu chache za aina nyingine, mara nyingi zimepakwa rangi tofauti, ili zitoe maua ya kiume. Nimeona mtu akizitupa hizo za rangi akidhani ni mbovu. Zipande.

Kwa hiyo swali la pili, baada ya usiku, ni hili: utapanda nje au ndani? Pakiti nzuri hulijibu. Ikiwa haikusema, mwulize mwenye agroveti kama mmea huo unahitaji nyuki. Akikwambia "hii inafanya popote," nunua kwingine.

Kwenye pakiti za F1 utakuta pia herufi ambazo watu huzipita. HR maana yake kinga ya juu, IR kinga ya kati. Baada yake huja vifupisho vya magonjwa: CMV ni virusi vya mozeiki, PM au Px ni ubwiri unga, DM au Pcu ni ubwiri vinyoya. Kwa Lanet macho yako yaende kwanza kwenye hizo mbili za mwisho. Ukipewa kuchagua kati ya chotara yenye DM na nyingine inayosifiwa kwa tunda refu zaidi, acha urefu.

Halafu kwangua kibandiko. Mbegu iliyoidhinishwa na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea na mbegu, huja na kibandiko chenye namba iliyofichwa. Unaikwangua na kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, nawe unajibiwa ni mbegu ya aina gani na ya kampuni gani. Ni dakika moja, na inamfanya muuzaji naye ajue kwamba uko macho.

Sasa uchungu. Wajukuu wangu wakikutana na tango moja chungu hukataa matango mwezi mzima, na siwalaumu. Uchungu unatokana na kemikali iitwayo kukubitasini, ambayo tango la porini lilikuwa nayo tele ili lisiliwe. Katika aina za zamani, ikiwemo Ashley, kemikali hiyo imelala kwenye majani na shina, na mmea ukipata dhiki hupanda mpaka kwenye tunda. Dhiki ya hapa kwetu ni maji. Udongo wa Lanet ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unakunywa maji na kuyapoteza upesi, na mizizi ya tango haiendi chini sana. Ukimwagilia leo ukasahau siku tatu za jua la Februari, utaupata uchungu, na utaupata zaidi upande wa kikonyo na chini ya ngozi. Samadi iliyooza vizuri na matandazo ya nyasi kavu ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni kuchagua aina isiyo na uchungu kwa kuzaliwa. Beit Alpha nyingi na yale marefu ya grinihausi ni za namna hiyo. Kila jambo na bei yake, maana kukubitasini huusaidia mmea kumfukuza utitiri mwekundu, yule mdudu mdogo anayefuma utando chini ya majani wakati wa vumbi la Januari. Mmea mtamu humpendeza mtoto na humpendeza utitiri.

Ulaji nao uangaliwe. Kama nyumbani kwako tango ni la kachumbari ya nyama choma, Marketmore inatosha, menya ngozi na ukate vipande vinene. Kama ni la kukunwa ndani ya mtindi wa kuandama pilau, kama wafanyavyo akina mama wa mtaa wa Bondeni siku ya Idi, utapenda lenye nyama ngumu na mbegu chache, usije ukala supu. La kutia kwenye mkebe wa mtoto wa shule liwe fupi la ngozi laini, analitafuna zima zima na hakuna kipande kinachobaki kunyauka. Matango madogo ya achari yapo, lakini kwa kweli kama hupiki achari usijisumbue. Yasipochumwa kila siku hunenepa na kuwa mapipa.

Nirudi kwa baridi, maana nilisema ndilo jambo la kwanza na sikumaliza. Kuchagua aina bila kuchagua mwezi ni kazi nusu. Hapa kwetu mimi napendekeza misimu miwili. Panda mwishoni mwa Agosti au Septemba, udongo unapoanza kupata joto, nawe utachuma Novemba na Desemba, wakati kila mtu anataka kachumbari. Au panda mwishoni mwa Januari kama una maji ya kutosha kwenye tangi, mmea upate nguvu na kuanza kuzaa kabla mvua za Aprili hazijakolea. Ukipanda Mei unaupeleka mche mchanga moja kwa moja kwenye mdomo wa Julai, na hakuna jina lolote kwenye pakiti litakalokuokoa. Kwa mwenye grinihausi mambo ni nafuu, ila hata plastiki haishiki joto la usiku kama watu wanavyodhani. Saa kumi alfajiri baridi ya ndani na ya nje hazipishani sana.

Ukuta hushika zaidi. Ukiwa na nyumba ya mawe, tafuta upande unaopigwa na jua la alasiri, uache nafasi ya hatua moja kutoka ukutani, na upande hapo. Jiwe hunywa joto mchana kutwa na kulirudisha polepole usiku. Funga kamba za mkonge, zile zinazotoka Mogotio, kutoka kwenye mti wa juu hadi chini, uzungushie shina taratibu. Mbegu zioteshe kwenye pakiti za maziwa zilizotobolewa chini, kina cha sentimita mbili, ndani ya nyumba karibu na jiko. Tango halipendi mizizi yake kusumbuliwa, kwa hiyo utachana pakiti na kuuhamisha mche na udongo wake wote. Nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya shina na shina. Kubana ni kukaribisha ubwiri.

Na kwa kuwa nimetaja maziwa: ubwiri unga ukianza, kabla hujakimbilia dawa ya dukani, changanya maziwa freshi sehemu moja na maji sehemu tisa, upulizie majani asubuhi jua likiwaka, mara mbili kwa wiki. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazili, Wagner Bettiol, alichapisha majaribio yake kwenye zukini za grinihausi, na maziwa yalishindana na dawa za kawaida. Kwa ubwiri vinyoya usitegemee hilo. Ule ukishika jani, likate ukalichome.

Limebaki suala la kuweka mbegu, ambalo kwa mstaafu si dogo. Ashley, Poinsett na Marketmore si chotara, kwa hiyo mbegu zake zikitunzwa vizuri huzaa mmea ule ule. Kwa miaka mingi sheria ya mbegu ya Kenya, Sura ya 326, ilifanya kuuza au hata kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kuwa kosa ambalo lingeweza kukupeleka jela hadi miaka miwili au kukutoza faini ya shilingi milioni moja. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Gilgil, kwenye barabara hii hii kuu, kuna mtandao wa Seed Savers ambao umefundisha wakulima kuhifadhi mbegu kwa miaka mingi, na habari hiyo ilipokelewa huku kwetu kwa vigelegele.

Njia ni hii. Jioni, chagua ua la kike ambalo litafunguka kesho, na ua la kiume la kulichavusha. Yote mawili yafunge ncha kwa uzi ili nyuki asitangulie. Asubuhi yafungue, uyaozeshe, kisha ulifunge tena lile la kike na kufunga utepe kwenye kikonyo. Tunda hilo usiliguse mpaka liwe la manjano au la kahawia na kuanza kulainika, jambo linaloweza kuchukua mwezi na zaidi. Lifanye mwishoni mwa msimu, kwa sababu shina likishajua lina tunda lililokomaa hupunguza kuzaa mengine; ndiyo maana pia matango ya kula huchumwa kila baada ya siku mbili, hata kama hayana mlaji. Kamua mbegu ndani ya kikombe, ongeza maji kidogo, acha zichachuke siku mbili au tatu mpaka ule ute utoke, osha, tupa zinazoelea, anika kivulini. Zikikaa pakavu zitaota hata baada ya miaka mitano.

Afande, ambaye baada ya ile Ashley alipanda chotara ya grinihausi, alitaka kufanya hivyo hivyo nayo. Nilimweleza kwamba kizazi cha pili cha F1 hugawanyika, kila mmea na tabia yake, na kwamba tunda lililozaliwa bila chavua halina mbegu ya kuweka hata ukilingoja mpaka liote ndevu. Alilingoja. Juzi alilipasua mbele yangu juu ya meza ya uani, akakuta ngozi za mbegu tupu, akanitazama. Sasa ameagiza miche minne ya Marketmore kwa ajili ya ukuta wa magharibi, na ameuliza kama mizinga miwili ya nyuki inaruhusiwa kwenye ploti ya hamsini kwa mia. Mkewe bado hajaulizwa.